“Mama, kaa tu upumzike”: wema unaowadhoofisha wazee wetu

Asubuhi moja hapa Pemba aliingia chumbani kwangu bibi wa zaidi ya miaka 70, ameshikwa na wanawe wawili, mmoja kila upande. Nilimpima. Presha yake ilikuwa nzuri na sukari haikuwa na tatizo. Nilipomuuliza kinachomsumbua, alinijibu: “Daktari mwanangu, nikikaa chini siinuki.”

Watoto wake ni watoto wema. Tangu mama yao alipoteleza ukumbini, walimkataza kufagia, kukuna nazi, hata kwenda kwa jirani. Maji analetewa, chakula analetewa. Kila akitaka kunyanyuka huambiwa, “Mama, kaa tu upumzike.” Miezi minane baadaye, miguu yake ilikuwa imesahau kazi yake.

Msomaji wangu, huenda na wewe nyumbani kwako unafanya hivyo hivyo, kwa mapenzi.

Misuli isiyotumika huisha

Umri unapopita miaka 60, misuli hupungua kwa kasi zaidi kuliko ujanani. Kukaa bure huongeza kasi hiyo. Mwaka 2007, jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha matokeo ya utafiti mdogo uliofanywa kwa watu wenye afya njema, wa wastani wa miaka 67. Walilazwa kitandani siku 10 tu. Walipopimwa, walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Fikiria mzee aliyekalishwa miezi minane.

Miguu ikidhoofika, mzee huanguka. Akianguka huingiwa na hofu, na hofu humfanya akae zaidi. Na akivunjika nyonga, wengi hawarudii tena mwendo wao wa zamani.

Yoga inaingia wapi?

Yoga ni mazoezi yenye asili ya India: kunyoosha viungo taratibu, kutulia katika mkao mmoja, na kuvuta pumzi kwa mpangilio. Hayana kukimbia wala kuruka, ndiyo maana yanawafaa watu wazima. Tafiti kwa watu wa miaka 60 na zaidi zimeonyesha kuwa wanaoyafanya mara kwa mara husimama imara zaidi na hutembea vizuri zaidi.

Tukitazama mazoezi kwa jumla, mapitio makubwa ya mwaka 2019 yaliyokusanya tafiti 108 yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo, hasa yale ya kujihimili na ya kukaa na kuinuka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya aina hiyo siku 3 au zaidi kwa wiki.

“Lakini daktari, hiyo si ibada ya watu wengine?” Naulizwa sana, na ni swali la haki. Mwaka 2009 Baraza la Maulamaa la Indonesia liliwakataza Waislamu yoga yenye matamshi na taratibu za kidini, likaruhusu ile ya mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia nayo iliitambua yoga kama mchezo mwaka 2017. Ninachokupa hapa ni viungo na pumzi pekee. Ukiwa na shaka, muulize sheikh wako. Na kama jina linakukera, yaite mazoezi ya viungo, kama wanavyofanya wenzetu wa vikundi vya mazoezi kila tarehe 1 Januari.

Anza hivi

Weka kiti imara, mgongo wake ukiegemea ukuta, kisiteleze. Vua kandambili. Mtu mwengine awe karibu.

1. Kukaa na kuinuka. Kaa kitini, nyayo chini, inamisha kifua mbele kidogo, kisha simama. Rudi taratibu. Mara 5, ukiongeza hadi 10. Mwanzoni jisukume kwa mikono.

2. Kusimama wima. Gawa uzito sawa miguuni, inua mikono kadiri bega linavyoruhusu, vuta pumzi 5 za polepole.

3. Mkao wa mti. Shika ukuta. Egemeza kisigino cha mguu mmoja kwenye kifundo cha mwengine, vidole vikigusa chini. Hesabu hadi 10, kisha badilisha.

4. Mgongo. Ukiwa umekaa, mikono magotini, toa kifua mbele ukivuta pumzi, kisha rudi ukiitoa. Mara 5.

Dakika 15 zinatosha. Usibane pumzi. Kuvutika kwa misuli ni kawaida, maumivu makali si kawaida.

Tahadhari

Mwenye presha ya macho, au presha ya damu iliyopanda sana, asifanye mikao ya kuweka kichwa chini. Mwenye mifupa dhaifu asijipinde wala kujikunja kwa nguvu. Aliyevunjika, aliyefanyiwa upasuaji au mwenye ugonjwa wa moyo amuone daktari kwanza. Ukibanwa na kifua, ukikosa pumzi au kichwa kikizunguka, acha na uende hospitali. Mzee anayeanguka mara kwa mara naye aletwe: pengine ni macho, pengine ni dawa anazotumia.

Na tafadhali, yoga haiondoi dawa ya presha wala ya sukari. Endelea nazo.

Kwenu watoto na wajukuu

Nilimpa yule bibi mazoezi haya manne. Wanawe niliwapa kazi ngumu zaidi: kusimama karibu yake bila kumnyanyua. Mmoja aliniambia roho ilikuwa inamuuma kumtazama mama yake akihangaika na kiti.

Baada ya wiki sita walirudi. Aliinuka kitini bila kushika kitu. Mkekani bado anahitaji kigoda cha kujisukumia, na huenda akakihitaji siku zote. Lakini nazi anakuna mwenyewe.

Leo mama akitaka kunyanyuka, usimwambie akae. Mwambie, “Inuka mama, nipo hapa.”