Kizibo Kizuri Kisichoziba

Mwaka jana jirani yangu hapa Kiembeni, fundi wa kukereza, alipata oda ya vizibo sitini vya chupa kutoka kwa mwenye duka la zawadi Nairobi. Alivikereza kwa mwarobaini, vichwa vya kila sura: vingine kama kitunguu, vingine kama pia, vingine kama ncha ya mnara. Tuliviona barazani kwake tukavisifu sote. Miezi miwili baadaye vikarudi kwa basi, ndani ya boksi lile lile. Zaidi ya nusu vilikuwa na nyufa, na vilivyobaki vilicheza kwenye shingo ya chupa kama jino bovu.

"Ami, wasema mti wetu mbaya," mtoto wa nduguye alimwambia baada ya kusoma barua.

Mti haukuwa mbaya. Ulikuwa mbichi. Na kwa kuwa vijana kadhaa wa mtaa wameanza kuulizia kazi hii, naona afadhali tuelezane mapema, kabla pesa za watu hazijaingia.

Kwanza tutenganishe kuchonga na kukereza. Mchongaji hutulia na mti wake, akaukata kwa tezo na kisu. Ndivyo wafanyavyo wale wa chama cha ushirika cha Akamba kule Changamwe, kilichoanza mwaka 1963. Mkerezaji huuzungusha mti, na chuma ndicho kinachotulia. Kwa hiyo kila kinachotoka kwenye kerezo huwa cha mviringo. Kazi hii si ngeni kwetu. Miguu ya vitanda vya kale vya Lamu, ile yenye mafundo na pete za rangi nyekundu na nyeusi, ilikerezwa na fundi aliyekaa chini, mkono mmoja ukivuta uta uliozungushiwa kamba kwenye mti, mwingine umeshika patasi. Siku hizi kuna mota ya umeme na vijana huiita mashine "lethi", lakini chuma na mti bado vinakutana vile vile.

Kizibo hakitaki mti mwingi. Kipande cha sentimita nne kwa nne, urefu sita au saba, kinatosha. Pita karakana za fanicha kuanzia Bombolulu hadi Mtambo uone mabaki ya mvule na mbambakofi yanavyokwenda kuwa kuni. Mle mna vizibo vingi. Fundi hutoboa tundu la milimita kumi upande wa chini, akakifunga kipande kwenye kerezo, akakiviringa kwa patasi yenye mdomo wa mviringo kwa mwendo wa kama mizunguko elfu moja kwa dakika. Kikishakuwa duara, huongeza mwendo na kuingia kwenye urembo. Mwisho hupita msasa, mkavu kwa mlaini. Kwa mkono uliozoea, ni kazi ya nusu saa.

Nusu saa hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Kazi yenyewe ni miezi iliyotangulia.

Mti uliokatwa juzi umejaa maji, na yakitoka mti husinyaa. Hausinyai sawasawa: kuzunguka duara husinyaa zaidi kuliko kuelekea kiini, na ndipo nyufa zinapotokea. Kipande cha tawi zima chenye kiini katikati kitapasuka karibu kila mara, hata ukisomee dua. Kipasue kwanza, kitupe kiini, upake ncha mbili za kipande nta au rangi kuukuu ili maji yasitoke kwa pupa upande huo.

Kisha kuna jambo la hewa, nalo ndilo lililomponza jirani yangu. Aliapa kwamba mti wake aliuanika miezi minne, na nilimwamini. Lakini mti hukauka mpaka ulingane na hewa iliyouzunguka, hauendi zaidi ya hapo. Hewa yetu ni ya bahari, nzito, ukiacha chumvi mezani usiku asubuhi imelowa. Mti uliokauka kwa kipimo cha Mombasa bado una maji kwa kipimo cha Nairobi, sembuse chumba cha hoteli chenye mashine ya baridi, au nyumba ya Ulaya yenye joto la kupasha wakati wa kipupwe. Vizibo vyake vilikauka mara ya pili huko ugenini, dukani kwa watu.

Dawa yake si ghali. Chukua mizani ya jikoni, pima kila kipande, andika gramu na tarehe kwa penseli ubavuni. Wiki ijayo pima tena. Uzito ukikaa pale pale wiki tatu, umefika mwisho wa kukauka kwa hewa ya hapa. Kama mzigo ni wa bara au wa ng'ambo, weka vipande kwenye kasha la mbao lenye matundu juu na chini na balbu ya kizamani, ile inayotoa joto, iwake humo siku kadhaa huku ukiendelea kupima. Utaona gramu zikishuka tena. Balbu isiguse mti, na usiiache ikiwaka nyumba ikiwa tupu.

Hata mti mkavu usiuamini kuziba. Kichwa ni pambo. Kinachoziba kiwe koki, yaani gome la mwaloni wa kusini mwa Ulaya, au mpira laini. Mdomo wa chupa ya mvinyo una upana wa karibu milimita kumi na nane na nusu kwa ndani, lakini chupa ya siki, ya asali au ya mafuta ya ufuta kila moja ina lake, kwa hiyo koki iwe nyembamba chini na nene juu. Mti wenyewe ukiuingiza shingoni, utavimba msimu wa mvua ukagoma kutoka. Tena mwarobaini ni mchungu. Nani ataka asali yenye ladha ya dawa ya homa?

Na nikitaja mvinyo, najua swali linakuja. Kweli, watalii wengi hununua vizibo kwa ajili hiyo. Mimi si mufti. Nasema tu kwamba siki na marashi navyo hukaa chupani, na fundi ana uhuru wa kuchagua soko lake.

Kuhusu miti, wachongaji wa Pwani walihimizwa tangu miaka ya 1990 kuuacha mpingo na muhugu na kuhamia mwarobaini na mwembe, miti inayoota haraka mashambani mwetu. Mpingo ukauka mno, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mwembe unapendeza, hasa ule uliopata mistari myeusi ya ukungu, ila wadudu wanaupenda kuliko sisi, na vumbi lake huwasha ngozi za wengine. Mwarobaini wadudu hawautaki sana. Mnazi ni mgumu nje, sponji ndani, na huua makali ya patasi.

Usimalizie kwa mafuta ya nazi. Najua yako jikoni na yananukia, lakini hayakauki kamwe; baada ya muda kizibo kitanata na kunuka uvundo. Nta ya nyuki, ikisuguliwa kwa kitambaa kidogo mti ukizunguka, inatosha.

Kitambaa kiwe kidogo na usikizungushe kidoleni, maana kerezo likinasa kitambaa linachukua na mkono. Kwa sababu hiyo hiyo glavu hazivaliwi, na aliyetoka msikitini Ijumaa na kanzu yake akabadilishe kwanza. Akina dada wafunge leso na mitandio nyuma. Miwani ya kinga na barakoa ya vumbi ni lazima kwa wote.

Jirani yangu alirudisha pesa zote. Vizibo vilivyonusurika ametia koki na sasa viko kwenye chupa za siki ya maembe za mkewe. Mwezi huu mwenye duka amempigia tena, ataka ishirini vya majaribio. Vipande viko rafuni juu ya kerezo, vina penseli ubavuni. Juzi nilipopita kimoja kilikuwa kimetoka gramu 96 hadi 81, na bado kinashuka.