Mtaliano Aliyetuharibia Bajeti

Juzi juzi mimi na mume wangu nusura tununiane kwa ajili ya Mtaliano aliyekwishafariki. Usicheke, ngoja nikusimulie.

Mtaliano mwenyewe ni Franco Battiato, mzaliwa wa Sicily, aliyefariki Mei 2021. Mwaka 1981 alitoa albamu ya pop ya new wave, La voce del padrone. Nyimbo saba tu, nusu saa na ushee, lakini ndiyo albamu ya kwanza ya Kiitaliano kuuza nakala zaidi ya milioni moja nchini humo. Jina maana yake ni "sauti ya bwana", na kuna utani ndani yake: ndivyo Waitaliano walivyoiita lebo ile ya zamani yenye picha ya mbwa akisikiliza santuri. Miaka ya 1970 Battiato alikuwa mtu wa majaribio, muziki ambao mama mkwe akiingia unauzima haraka. Safari hii, pamoja na mpiga fidla Giusto Pio, alichanganya vinanda vya umeme, gitaa, fidla na kwaya. Watu wakacheza.

Mimi nilikuwa nayo kwenye MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, na sikuwa na shida. Baba watoto akaja na FLAC. "Mke wangu, miaka yote hii unasikiliza kivuli!"

Hesabu yake ni ya kweli. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo MP3 yangu ilibakiza kama sehemu moja ya kumi na moja. Mengine yalitupwa kwa kudhani sikio halitayakumbuka. FLAC haitupi. Inakunja tu, kama nguo kwenye begi: faili hupungua hadi karibu nusu, ukilifungua kila kitu kipo.

Basi tukajaribiana, bila kuambiana kinachopigwa, kwa wimbo Centro di gravità permanente. Ile ya 128 niliikamata mara moja: kwaya ilikuwa kama inaimba chini ya maji. Tulipoweka MP3 ya 320, nikakosea. Akavaa yeye hedfoni. Kha, naye akakosea!

Halafu nikakumbuka kitu. Hedfoni zake mpya ni za Bluetooth, na kwa kawaida Bluetooth huibana sauti upya kabla haijafika sikioni. Yaani hiyo FLAC anayojidai nayo ilikuwa inapunguzwa njiani.

"Baba, hizi ulinunua bei gani?"

Kimya. Si unajua kimya cha mwanaume aliyegusa akiba ya pamoja? Ilikuwa pesa ya friji.

Sikupiga kelele, ingawa nilitamani. Nilichomoa waya wa spika za kompyuta uvunguni, nikachomeka, tukakaa sakafuni, simu tumezima. Wimbo wa nne akaanza kueleza mwenyewe, bila kuulizwa. Nikamwambia asubiri, kwanza wimbo uishe.

Friji bado halijanunuliwa.