Kubadilisha sarafu za kidijitali bila kumwachia mtu mali

MKULIMA wa Kericho akishapeleka majani chai kituoni, hana budi kungoja bonasi. Mali imo mikononi mwa wengine. Ndivyo alivyo aliyeweka sarafu za kidijitali katika soko la mtandaoni. FTX ilipofilisika Novemba 2022, wateja wake walifungiwa nje.

Njia nyingine ipo. Tuseme mkazi wa Litein ana Bitcoin, na wa Bomet ana Litecoin, sarafu za mitandao isiyosomana. Wa Litein hubuni nambari ya siri, hufunga Bitcoin zake kwa kufuli linalofunguliwa na siri hiyo pekee, na humpa mwenzake alama ya kufuli, si siri. Wa Bomet hufunga Litecoin kwa alama iyo hiyo. Wa kwanza akizichukua, siri huonekana hadharani. Wa pili huitumia kuchukua Bitcoin. Mmoja akighairi, muda ukiisha kila mtu hurejeshewa chake. Charlie Lee, mwanzilishi wa Litecoin, alifanya mabadilishano kama haya Septemba 2017.

Hatari imo katika saa. Kufuli la wa Bomet sharti liishe muda mapema, ili abakiwe na nafasi ya kuitumia siri. Naye asiache simu izimike: umeme ukipotea hadi muda wa kufuli la Bitcoin upite, mwenzake aweza kuzirejesha, ilhali Litecoin amekwisha kuzichukua.