Tumbaku, Mazungumzo na Upimaji wa Habari: Mfano wa Lac Vert, Goma

Utangulizi

Katika miji mingi ya Waswahili pana mahali ambapo wanaume hukutana kila siku kuzungumza. Pwani mahali hapo ni baraza, na kinachozungushwa ni kahawa. Katika mji wa Goma, Jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, miongoni mwa vitu vinavyowaleta watu pamoja ni tumbaku: sigara iuzwayo mojamoja kwenye kibanda, au kiko cha mzee. Makala haya yanakusudia kueleza mazungumzo hayo kwa upande wa lugha. Hoja yake ni kwamba soga la wavutaji halistahili kuhesabiwa kuwa upuuzi mahali ambapo habari ya uongo yaweza kumtoa mtu nyumbani kwake, na habari ya kweli iliyopuuzwa yaweza kumwua. Mahali kama hapo soga ni kazi ya kupima habari, na Kiswahili cha Goma kina vyombo vyake vya kuifanyia kazi hiyo.

Mfano uliochaguliwa ni Lac Vert, mmojawapo wa mitaa 18 ya Goma, ulioko upande wa magharibi wa mji kwenye barabara iendayo Sake. Jina lake la Kifaransa lina maana ya Ziwa la Kijani, nalo limetokana na ziwa dogo lililomo ndani ya kreta ya volkano ya kale. Mtaa umekaa juu ya mawe ya lava, kati ya Ziwa Kivu na milima ya Nyiragongo na Nyamulagira. Mwaka 1994 palikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Rwanda. Katika vita vya miaka ya 2020 palikuwa tena na kambi, safari hii za Wakongo waliohama vijiji vyao wenyewe. Kwa hiyo mtaa huu ni njia ya watu, na penye njia ya watu ndipo habari zipitapo.

Maneno ya tumbaku

Mmea wa tumbaku uliletwa Afrika kutoka Amerika katika karne ya 16, na maneno yake yanaonyesha njia uliyopitia. Neno tumbaku linafanana na lile la Kireno, tabaco, na pia na tambaku la Kihindi na la Kiajemi. Ni neno la bandari. Sigara nalo asili yake ni Kihispania, likaenea kwa Kifaransa, Kiarabu na lugha nyinginezo. Lakini katika Kiswahili maana yake ilipungua ikabaki kwenye ile nyembamba ya karatasi. Ile nene, isokotwayo kwa jani zima la tumbaku, haikupata jina moja lililokubalika na wote: wengine huiita biri, neno litokalo Bara Hindi, na wengine husema tu sigara kubwa. Sababu ni nyepesi kuielewa. Lugha haitafuti jina la kitu ambacho wasemaji wake hawakutani nacho kila siku, na katika Goma sigara ya jani zima ni kitu cha wachache wenye fedha.

Kwa upande mwingine, kiko kilipata msamiati kamili. Kiko cha maji cha zamani kilikuwa na bori la kutilia tumbaku, digali la kupitishia moshi kwenda majini, na shilamu la kuvutia; sauti ya maji yakitokota ikaitwa malio ya kiko. Chombo kinachotajiwa kila kiungo chake, hata sauti yake, ni chombo kilichokaa muda mrefu kati ya watu wanaozungumza.

Vitenzi navyo vinastahili kutazamwa. Kiswahili sanifu husema kuvuta sigara, kunusa ugoro, kutafuna tumbaku. Jirani wa Goma, Kinyarwanda, husema kunywa itabi, yaani kunywa tumbaku, kama walivyosema Waingereza wa karne ya 17 katika lugha yao. Katika Katanga, kusini, jina fwaka limetoka Kibemba. Kitenzi kuvuta kina pia matumizi yafaayo katika mada hii: msemaji wa Kiswahili huvuta subira. Sigara moja huwaka kwa dakika chache, na katika dakika hizo mwenye haraka hulazimika kukaa na kusikiliza.

Barza na kibanda

Neno baraza lilifika Kongo zamani. Katika Kifaransa cha Wabelgiji wa enzi ya ukoloni liligeuka barza, likawa na maana ya veranda ya nyumba. Baadaye likapanda cheo. Mwaka 1998, katika Kivu Kaskazini, wawakilishi wa jamii mbalimbali za jimbo waliunda chombo cha usuluhishi wa migogoro ya makabila na ardhi, kikaitwa Barza Intercommunautaire. Hivyo neno la benchi la pwani likawa jina la chombo cha amani katika nchi ya milima.

Wavutaji wa mtaani hawana barza rasmi. Wanacho kibanda kiuzacho sigara, kiberiti na vocha za simu, na mbele yake jiwe la lava au ubao wa kukalia. Mgeni huingia kwa kuomba moto. Humwita aliye mkubwa kidogo yaya, neno ambalo pwani ni mlezi wa watoto na Kongo ni ndugu mkubwa. Mtu mzima humwita papa. Akishawasha, si adabu kuondoka bila neno, na neno hilo ni habari ya alikotoka. Mwendesha chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao ya Goma, hueleza hali ya barabara na bei ya makaa. Mvuvi hueleza ziwa. Wanawake, ambao kwa kawaida hawavuti hadharani, wana mahali pao pa kupimia habari, hasa sokoni kama vile Kituku, kando ya ziwa. Na mume arudiye nyumbani na habari ya kibandani hukutana na habari ya sokoni.

Wakongo huita habari za namna hii radio trottoir, yaani redio ya kando ya barabara. Jina hilo lina mzaha, lakini halina dharau tu. Lilienea wakati wa utawala wa Mobutu, ambapo redio ya serikali haikutegemewa kusema yote. Leo kibanda hakikosi redio ya kweli: idhaa za Kiswahili za nchi za nje, pamoja na Radio Okapi iliyoanza Februari 2002, husikilizwa na kujadiliwa papo hapo. Redio husomewa na watu wote habari moja; kibandani ndipo watu huulizana kama habari hiyo inawahusu wao.

Vyombo vya lugha vya kupimia habari

Zipo lugha ambazo kitenzi chenyewe hubeba alama ya kuonyesha kama msemaji ameona jambo au amesikia. Kiswahili hakina alama hiyo. Badala yake kina ngazi ya majina: habari ni jambo lisemwalo wazi, fununu ni habari ya chini kwa chini iliyo na dalili, tetesi ni ile isiyo na mwenyewe, uvumi umeenea bila kuthibitishwa, uzushi umetungwa. Tena kuna inasemekana, ambayo humficha msemaji. Kuna eti, ambayo pwani huonyesha kwamba mnenaji hajiungi na anayoyasimulia. Na kuna kumbe, ya mtu aliyegundua ukweli baadaye.

Kiswahili cha Goma kinatumia nyenzo hizi kwa namna yake. Kiambishi cha watu ni ba- badala ya wa-, kwa hiyo uvumi hutangulizwa na batu banasema. Kauli hiyo ni onyo: asemaye amekwisha kusema kwamba yeye si shahidi. Kinyume chake ni niliona na macho yangu, inayomfanya msemaji adaiwe maelezo: saa ngapi, wapi, na nani.

Mfano ulio muhimu zaidi ni neno kama. Katika Kiswahili cha Kongo, kama hutumika mahali ambapo Kiswahili sanifu husema kwamba. Sentensi “nilisikia kama volkano imelipuka” kwa Mgoma ina maana ya “nilisikia kwamba volkano imelipuka”. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Unguja angeweza kudhani kuwa mnenaji ana shaka, au kwamba anafananisha sauti aliyoisikia na mlipuko. Habari ya hatari yaweza hivyo kusikika kama dhana tu. Afisa wa misaada au mwandishi wa habari aliyejifunza Kiswahili cha pwani hana budi kuijua tofauti hii kabla ya kunakili ushahidi wa mtu wa Lac Vert.

Moshi wa Mei 2021

Umuhimu wa kupima habari ulionekana wazi mwaka 2021. Jioni ya 22 Mei, Nyiragongo ililipuka. Wazee walikuwa na milipuko miwili ya kulinganisha nayo: ule wa Januari 1977 na ule wa Januari 2002, ambapo lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Safari hii lava ilisimama upande wa kaskazini wa mji, karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi ikaendelea kutetemeka siku kadhaa. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihamwe. Lac Vert haukuwamo. Wakazi wake wakawa wanatazama maelfu ya watu wakipita mbele ya milango yao kuelekea Sake, huku wao wenyewe hawakuamriwa kwenda wala hawakuhakikishiwa usalama. Swali la kibandani likawa moja: kukaa au kuondoka?

Tarehe 29 Mei ikatoka habari ya serikali kwamba Murara, volkano ndogo iliyo karibu na Nyamulagira, nayo imelipuka. Baada ya muda mfupi habari hiyo ikakanushwa na serikali hiyohiyo: uchunguzi wa angani ulionyesha kwamba moshi ulioonekana ulikuwa wa watu waliokuwa wakichoma makaa. Methali husema penye moshi hapakosi moto, na kweli moto ulikuwapo; ila ulikuwa wa tanuri la makaa. Tukio hili lafundisha kwamba cheo cha chanzo hakitoshi kuthibitisha habari. Tangazo rasmi liliteleza katika jambo ambalo mchukuzi wa makaa atokaye upande huo angeweza kulitilia shaka kwa kuuliza moshi ni wa rangi gani na umesimama wapi.

Moto unaozimika

Lac Vert na mwambao wa magharibi ya Goma vina hatari nyingine isiyo na moshi wala sauti. Gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.5, hukusanyika mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Huua mbuzi, mbwa na watu. Wenyeji huiita mazuku, na wataalamu wa volkano duniani wamelichukua neno hilo kuwa istilahi yao. Ni mojawapo ya maneno machache ya Kiswahili cha Kivu yaliyoingia moja kwa moja katika sayansi ya kimataifa, nalo lilitoka katika maongezi ya watu walioonyana.

Moto hufifia na kuzimika ndani ya mazuku. Hata hivyo haifai mtu akitumie kiberiti chake kuwa kipimo, kwa maana kiasi cha gesi kinachozima moto tayari ni hatari kwa uhai. Kipimo salama ni onyo la aliyetangulia: bonde fulani lisipitwe asubuhi, shimo fulani lisilaliwe. Onyo hilo husambazwa kwa mdomo, na mgeni asiyekaa kuzungumza na wenyeji hulikosa.

Habari za vita

Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka katika kambi za waliohama makwao huko Lac Vert na Mugunga, yakaua watu wengi, wakiwamo watoto. Idadi ya waliokufa ilipanda kadiri siku zilivyopita, na pande za vita zikashutumiana. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliuteka mji wa Goma, na Februari watu wa kambi waliambiwa warudi makwao. Katika hali kama hiyo upimaji wa habari hubadilika. Swali la nani alisema laweza kumhatarisha aliyesema, na batu banasema, iliyokuwa onyo kwa msikilizaji, huwa pia ngao ya msemaji. Kauli moja hufanya kazi mbili, na msikilizaji mzoefu hutambua ni ipi kwa kumtazama aliyeketi karibu.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba mazungumzo ya wavutaji wa Lac Vert yana mahali pake, adabu yake na sarufi yake. Haifuati kwamba tumbaku isifiwe. Madhara yake kwa afya yanajulikana, na mkataba wa kimataifa wa kuidhibiti ulipitishwa mwaka 2003. Kinachofaa kuhifadhiwa ni mazungumzo yenyewe, na hayo yaweza kufanyika kwa chai. Kwa mwanafunzi wa isimu, maneno kama kama, eti na batu banasema yanadai uchunguzi wa sauti zilizorekodiwa, kwa idhini ya wasemaji na kwa kuficha majina yao. Kwa wale wanaotangaza hatari kwa Kiswahili, uchunguzi huo una manufaa ya haraka: onyo lililoandikwa kwa Kiswahili cha pwani halina hakika ya kueleweka kama lilivyokusudiwa mbele ya kibanda cha Goma.