Pakacha Likikauka

Msomaji mmoja ameniuliza kama sindano ya kukinga VVU iliyofika Eswatini na Zambia Novemba 2025 ndiyo ile chanjo tuliyoingoja miaka yote. Siyo. Chanjo huufunza mwili kupigana; sindano hii, iitwayo lenakapaviri, haiufunzi mwili chochote. Inakiendea chombo ambacho virusi husafiria, na hapo ndipo ninapotaka tukae kitako.

Wataalamu hukiita kapsidi. Wengine huandika "ganda", neno nisilolipenda, kwa kuwa ganda ni la kumenya na kutupa, tena halina msuko. Mimi nasema pakacha, maana chombo hiki kimesukwa hasa. Protini zipatazo 1,500 za aina moja hushikana sita sita, na hapa na pale tano tano. Vile vishada vya tano ni 12 kamili, sawa na vipande vyeusi vya mpira wa miguu wa zamani. Bila hivyo 12, pakacha halifungi. Ndani yake zimelazwa jeni za virusi, kama nazi zinazopelekwa sokoni.

Aliyewahi kubeba nazi anajua kuti bichi lilivyo. Ukifika kwenye mlango mwembamba, pakacha linabonyea, linapita, na nazi hazimwagiki. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba pakacha la VVU hufumuka mara tu virusi vinapoingia kwenye seli. Kumbe husafiri likiwa zima hadi kwenye kiini, likajipenyeza katika kitundu kinacholitosha kwa shida. Nyuzi za protini zilizo kitunduni hudaka vijishimo vilivyo kati ya protini moja ya pakacha na jirani yake, nalo likavutika ndani taratibu.

Lenakapaviri hukaa kwenye vijishimo hivyo hivyo. Nyuzi zikija hazipati pa kushika. Zaidi ya hapo, dawa hulikakamaza pakacha, likawa kama kuti lililoachwa juani wiki nzima: ukilikunja, linakatika. Nazi zinamwagika nje ya mlango. Na hata seli iliyokwisha kuambukizwa ikijaribu kusuka mapakacha mapya, yanatoka mapogo. Nimesoma habari za dawa nyingi. Sijakutana na iliyonifurahisha kama hii.

Tena haipendi maji. Ikichomwa chini ya ngozi ya tumbo haiyeyuki upesi. Hubaki akiba, ikivuja kidogo kidogo kwa miezi 6. Katika utafiti wa Afrika Kusini na Uganda uliotangazwa mwaka 2024, wasichana na wanawake vijana 2,134 walipewa sindano hii, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ni lazima kupima VVU kabla ya kuchomwa, na magonjwa mengine ya zinaa bado yanahitaji kondomu.

Fikiria binti ambaye kopo la vidonge vya kukinga VVU likilia mkobani tu, nyumba nzima inaanza kumhoji. Huyu anahitaji siku mbili kliniki kwa mwaka, basi. Lakini Marekani dawa hii inauzwa zaidi ya dola 28,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ndiyo maana Mfuko wa Dunia na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, wameahidi kuwafikishia watu milioni 2 katika miaka 3. Julai 2025, kwenye mkutano wa Kigali, Shirika la Afya Duniani nalo liliipendekeza rasmi. Lakini mwaka huo huo Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, kliniki zikafungwa na wahudumu wakarudishwa nyumbani. Sindano bila muuguzi wa kuichoma haimkingi mtu.

Viwanda viwili vya India vimekubali kutengeneza dawa hiyo hiyo kwa dola 40 kwa mwaka, kwa ajili ya nchi 120, kuanzia 2027. Wahisani wasituache njiani kabla ya hapo.