Chai, raba na zawadi: Kwa nini bei za Arua zilikuwa juu kati ya vita viwili vikuu

ARUA, Uganda

Malori yanayovuka Oraba kuelekea Kaya, Sudan Kusini, na yale yanayopita Vurra kwenda Kongo hubeba sukari, sabuni, viatu na majani ya chai. Mnunuzi wa Koboko hulalamikia gharama za usafiri. Babu yake alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kulalamika.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Arua ulikuwa mji mchanga. West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilokodishwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Alipofariki Desemba 1909, eneo hilo likarudi Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 West Nile ikahamishiwa Uganda. Mwaka huo huo Waingereza walianzisha boma la Arua, na maduka ya Wahindi yakafuata, kama ilivyokuwa kwingineko nchini.

Tufuate pakiti moja ya chai kutoka Mombasa. Ilipanda treni hadi Kisumu, ikavuka Ziwa Victoria kwa meli hadi Jinja, ikapanda treni tena hadi Namasagali kwa reli iliyofunguliwa mwaka 1912. Hapo ilipakiwa meli ya Ziwa Kyoga hadi Masindi Port, ikaenda kwa barabara hadi Butiaba, kisha meli ya Ziwa Albert na mto Nile ikaishusha Rhino Camp. Bado kulikuwa na safari ya nchi kavu hadi Arua, na kilomita 55 hivi nyingine hadi Koboko. Kila kituo kilikuwa na kuli wake, ghala lake na hasara yake.

Treni ilipofika Kampala moja kwa moja mwaka 1931, safari ya Ziwa Victoria haikuwa ya lazima tena. Kwa West Nile nafuu hiyo ilikuwa nusu tu, kwani reli haikufika Pakwach hadi mwaka 1964.

Nauli ya aina hiyo haiumizi bidhaa zote sawasawa. Majani ya chai ni mepesi na thamani yake ni kubwa kwa kila ratili, hivyo huvumilia safari. Chumvi na sukari ni nzito na bei yake ni ndogo. Kwa maneno mengine, sukari ya kutia ndani ya kikombe ilibeba mzigo mkubwa wa nauli kuliko chai yenyewe.

Na sukari hiyo ilikatwa na nani? Serikali ilidai kodi ya kichwa kwa fedha taslimu, na kilimo cha biashara kilikuwa kidogo West Nile. Kuanzia miaka ya 1920, vijana wa Kilugbara na makabila jirani walikwenda kutafuta kazi Buganda na Busoga, wengi wao katika mashamba ya miwa. Kiwanda cha Nanji Kalidas Mehta kilianza Lugazi mwaka 1924, na cha Muljibhai Madhvani kikaanza Kakira mwaka 1930. Mtu wa Arua aliweza kukata muwa kusini, kisha akalipia nauli ya sukari yake kaskazini.

Ndiyo maana zawadi za nyumbani zilinunuliwa kwa hesabu. Aliyekuwa akirudi alikuwa na kila sababu ya kununua nguo ya mkewe na blanketi la mama yake Kampala au Jinja, kwa sababu mzigo wa kichwani haukulipiwa nauli ya shehena.

Viatu vina kisa kingine. Kwa wengi vilikuwa anasa, mpaka zilipoingia raba za Japani. Meli za kampuni ya Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za Afrika Mashariki mwaka 1926. Japani iliacha kiwango cha dhahabu Desemba 1931, yen ikaporomoka, na vitambaa na raba zake zikawa rahisi kuliko bidhaa za Manchester na Northampton.

Mwaka 1934 London iliweka viwango vya kuzuia vitambaa vya Japani katika makoloni yake mengi. Afrika Mashariki haikuguswa. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, uliorithi makubaliano ya Berlin ya 1885 kuhusu Bonde la Kongo, ulitaka nchi zote zilizotia saini zitozwe ushuru sawa, na Japani ilikuwa mojawapo. Viwanda vya Uingereza vililalamika. Mnunuzi mwenye shilingi chache hakuwa na la kulalamikia.

Koboko kulikuwa na ugumu mmoja zaidi. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1922, ilikoma mpakani. Ng'ambo moja ilikuwa faranga ya Kongo ya Kibelgiji, ng'ambo nyingine pauni ya Misri iliyotumika Sudan. Wakakwa, wenye ndugu pande zote tatu, walihitaji kujua thamani ya sarafu tatu kabla ya kununua raba moja. Leo majina ya sarafu mbili yamebadilika, lakini hesabu bado ni ya sarafu tatu, na dola juu yake.