Daftari la Muuguzi: Faida ya Kuuliza, Kuhesabu na Kulinganisha

Watu wengi wa vijiji vya Uluguru wamepata kumwona kijana muuguzi au mkunga akiwa na daftari mkononi, akiuliza maswali ambayo hayaelekei kumponya mtu. Huuliza: Mama huyu alianza kuumwa uchungu saa ngapi? Nani aliamua apelekwe zahanati? Alipandwa na gari, au alibebwa kwa machela? Wengine hujibu kwa furaha. Wengine hunong'onezana, wakisema, "Majina yetu yanapelekwa wapi, na kwa faida ya nani?" Swali hilo ni la haki, wala si la kudharauliwa. Basi tumeona yafaa kueleza habari ya kazi hii, ili viongozi wa vijiji, walimu na kila ajuaye kusoma wapate kuwaeleza wenzao.

Kwanza yafaa kujua wauguzi hawa ni watu gani. Mtu akimaliza shahada ya uuguzi au ukunga katika chuo kikuu, hapewi mara moja wodi aiongoze peke yake. Hutumikia kwanza mwaka mmoja katika hospitali kubwa, chini ya uangalizi wa waliomtangulia, naye huitwa mtarajali. Huhamishwa toka wodi ya wazazi hata ya watoto, toka chumba cha upasuaji hata kliniki ya wajawazito. Kazi ya uuguzi na ukunga husimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Mwaka huo wa utarajali ndio unaogeuza elimu ya vitabu kuwa ustadi wa mikono. Lakini kuna ustadi mwingine ambao mwaka huo waweza kuukuza, nao ni utafiti. Chuoni mwanafunzi alifundishwa namna ya kutafiti. Wodini hukutana na mambo yenyewe yanayotaka kutafitiwa.

Wengine hudhani utafiti ni kazi ya wataalamu wa mbali wenye vyombo vya ajabu. Sivyo. Mkulima wa Mgeta akitaka kujua kama samadi ya mbuzi yafaa kwa kabichi zake, huitia katika tuta moja, na tuta la jirani huliacha bila samadi. Mbegu ni moja, maji ni yale yale, na siku ya kupanda ni moja. Wakati wa kuvuna hupima yote mawili. Mtu huyo ametafiti. Kama angalitia samadi katika matuta yote, kisha akasifu mavuno, asingalijua kama sifa ni ya samadi au ya mvua. Utafiti wa muuguzi ni jambo lile lile: kuuliza swali moja lililo wazi, kuhesabu bila upendeleo, kulinganisha, na kukubali jibu hata kama halipendezi.

Jambo hili limeokoa wazazi wengi duniani. Katika mji wa Vienna palikuwa na hospitali yenye wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, na ya pili ilikuwa ya wakunga. Mwaka 1846, katika kila wazazi 100 wa wodi ya madaktari walikufa zaidi ya 11, na katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Watu walitoa sababu nyingi: hewa mbaya, hofu, msongamano. Daktari mmoja Mhungari, Ignaz Semmelweis, hakuridhika na maneno; alilinganisha wodi hizo jambo kwa jambo. Mwisho akatambua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi, na wakunga hawakufanya kazi ile. Mwaka 1847 akaamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwaka 1848 vifo vya wodi ile ya kwanza vilishuka vikawa kama 1 tu katika 100, sawasawa na vya wakunga. Ijapokuwa hesabu zilikuwa wazi, wakubwa wengi walikataa kumsikia, kwa kuwa ni vigumu mtu kuambiwa kwamba mikono yake mwenyewe ndiyo iliyoleta mauti. Hapo twaona kwamba utafiti hudai unyenyekevu kuliko werevu.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Tangu mwaka 1992 wilaya ya Morogoro Vijijini ilikuwa mojawapo ya mahali patatu, pamoja na Hai na sehemu za Dar es Salaam, ambapo watu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika habari za vifo. Palipotokea msiba, jamaa za marehemu waliulizwa kwa upole dalili alizokuwa nazo, muda aliougua, na mahali alipotibiwa. Wengi walifia nyumbani, na vifo hivyo visingalionekana kamwe katika vitabu vya hospitali. Majibu ya wafiwa ndiyo yaliyovileta mbele ya macho ya wenye madaraka.

Katika miaka iliyofuata, mradi mmoja wa kuboresha afya katika wilaya za Morogoro na Rufiji ulizichukua hesabu hizo, ukaziweka kando ya hesabu za fedha. Ndipo ilipoonekana ajabu. Katika Morogoro malaria peke yake ilichukua sehemu 30 katika kila 100 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilipewa sehemu 5 tu katika 100. Maradhi ya watoto, kama vile kichomi, kuhara, surua, utapiamlo na malaria yao, yalikuwa sehemu 28 katika 100 ya mzigo wa maradhi, nayo yalipata fedha sehemu 13 tu. Hapakuwa na mwizi wala mtu aliyewachukia watoto. Fedha zilikwenda zilikozoea kwenda, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameuliza. Wakuu wa afya wa wilaya hizo walipogeuza mipango yao kufuata hesabu, vifo vya watoto katika miaka iliyofuata vilipungua kwa zaidi ya 40 katika 100. Hatusemi kwamba daftari peke yake lilifanya hayo. Vyandarua na dawa vilikuwa na sehemu yao kubwa. Lakini daftari ndilo lililoonyesha pa kuvipeleka.

Mfano wa tatu unawahusu wakunga wenyewe. Mwaka 2010, katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Miezi kadhaa baadaye walipopimwa kwa mtoto wa bandia walifanya vizuri kuliko kwanza. Mtu mwingine angaliridhika hapo. Lakini palikuwa na watu waliofundishwa kuangalia kila uzazi na kuandika yaliyotendeka, na maandiko yao yalionyesha kwamba katika chumba cha kuzalia mambo hayakubadilika. Basi badala ya kuwalaumu wakunga, waliibadili namna ya kufundisha: tangu mwaka 2011 yakawa mazoezi mafupi ya mara kwa mara pale pale wodini. Baada ya hayo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka toka kama 11 hata kama 7 katika kila watoto 1,000. Kumbe mafunzo hayatoshi kuhesabiwa kwa vyeti. Hupimwa kwa pumzi ya mtoto.

Sasa tueleze mtarajali hujifunzaje kazi hii. Tuseme yuko katika wodi ya wazazi mjini Morogoro, naye ameona kwamba baadhi ya mama watokao milimani hufika wakiwa wamechoka mno, na uchungu umekwisha kuchukua muda mrefu. Akisema tu, "Watu wa milimani ni wazito kuja hospitali," amehukumu kabla ya kuuliza. Akiwa mtafiti atafuata njia hii.

Kwanza, huligawa swali. Wataalamu wa uzazi wamezoea kutambua kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kila kuchelewa kuna dawa yake. Katika Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la bibi na la mjomba laweza kuwa na uzito sawa na la mume. Ikiwa kuchelewa ni katika kuamua, kumfundisha mke peke yake hakutoshi. Ikiwa ni katika kufika, lawama ni ya njia itelezayo wakati wa masika na ukosefu wa chombo usiku. Na ikiwa mama alifika mapema akakaa benchi muda mrefu bila kupimwa, hapo hospitali yenyewe ndiyo ya kujirekebisha.

Pili, hutazama yaliyokwisha kuandikwa: daftari la wazazi, na ile karatasi ya kufuata uchungu iitwayo patografu, iliyoenezwa na daktari Philpott alipokuwa akifanya kazi Harare, ambayo huonyesha kwa mistari kama uzazi unaendelea vema au umekwama. Hapa mtarajali hujifunza somo kubwa la uaminifu. Patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, ili ionekane safi mbele ya mkaguzi, ni uwongo uliopangwa vizuri. Haikumwokoa mama yule, na itampoteza kila atakayeitumia kutafiti. Afadhali nafasi tupu kuliko nambari ya kubuni.

Tatu, huchagua watu wa kuuliza bila upendeleo. Akiwauliza wale tu waliofika hospitali, hatasikia neno la waliozalia nyumbani, nao ndio wenye siri ya jambo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila uzazi 100 Tanzania, 81 ulikuwa katika vituo vya afya. Mwaka 2015 na 2016 ulikuwa 63. Maendeleo hayo ni makubwa, na katika kipindi hicho makadirio ya vifo vya wazazi yalishuka toka 556 hata 104 katika kila watoto hai 100,000. Lakini zile 19 zilizosalia hazikuandikwa katika daftari la wodi. Hapana budi kuzifuata mlimani.

Nne, huyajaribu maswali yake kwa watu wachache kwanza, ili aone kama yanaeleweka. Swali kama "Je, hukuchelewa kwa sababu ya uzembe?" si swali, ni tusi lililovishwa nguo. Swali jema ni hili: "Mama, tafadhali nieleze, tangu uchungu ulipoanza mpaka ulipofika, mambo yalikwendaje?" Kisha anyamaze asikilize. Kijana atakayeingia nyumba ya watu bila kutoa shikamoo kwa wazee hatapata ukweli, hata akiwa na shahada tatu.

Tano, huomba ruhusa. Utafiti juu ya watu hauanzishwi kwa matakwa ya mtu mmoja. Hupitiwa kwanza na kamati ya maadili, kama ile ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, taasisi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1979. Kisha huombwa ridhaa ya kila anayeulizwa. Mtu ana haki ya kujua shabaha ya kazi, kukataa, na hata kuacha katikati, wala asinyimwe matibabu kwa ajili hiyo. Majina hufichwa, kinachotangazwa ni hesabu ya wengi, si siri ya mmoja.

Sita, hupeleka jibu. Utafiti uliofungiwa kabatini ni kama mahindi yaliyosahauliwa ghalani mpaka yakaliwa na fukusi. Yapasa wodi ijue, mganga mkuu ajue, na kijiji kilichotoa majibu kiambiwe yaliyopatikana.

Katika haya yote mtarajali hawezi kufaulu peke yake. Anahitaji mkubwa wa wodi atakayempa saa chache za kuuliza na kuandika, asije akaambiwa kila mara kwamba anapoteza wakati. Twajua wodi nyingi zina kazi nyingi na watu wachache. Lakini mtarajali aliyezoezwa kutii tu bila kuuliza atarudia makosa aliyoyakuta miaka 30, na kuwafundisha wengine.

Na ninyi wasomaji mna sehemu yenu. Mwenyekiti wa kijiji aletewapo wageni wa namna hii, na aulize barua yao ya kibali, aisome, kisha awaeleze watu wake kazi yenyewe. Asimlazimishe mtu kujibu, maana jibu la kulazimishwa si jibu. Mwalimu naye awazoeze watoto kupima mvua, kuhesabu miche na kuandika tarehe. Huko ndiko muuguzi mtafiti anakoanzia. Wazazi na wazee, tafadhalini jibuni yaliyo kweli, si yale mnayodhani yatamfurahisha muuguzi. Mama aliyezalia nyumbani akisema alizalia hospitali, ameficha njia mbovu isitengenezwe, na zahanati isijengwe karibu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nanyi vijana watarajali, msiyaonee haya maswali yenu, kwani asiyeuliza hana ajifunzalo.